Kaboni za Ndulele

Harufu ya tumbaku inayokaushwa si harufu ya sigara, na anayeijua sigara peke yake hajui kitu. Bani, yaani lile jumba refu la matofali ya udongo tunalokaushia majani, likiwashwa moto hutoa kwanza harufu ya nyasi zilizochemshwa. Baadaye harufu hugeuka tamu, kama mtu aliyemwaga asali kwenye mkeka wa zamani, na mwishoni hukauka yenyewe ikaanza kukwaruza koo. Abiria wa treni walikuwa wakichungulia madirishani pale stesheni ya Usoke nilikozaliwa, wakivuta pumzi ndefu na kusifu kwamba mji wetu unanukia vizuri. Waache wasifu. Mimi naishi Kanyenye, katikati ya mji wa Tabora, mbali na mabani, lakini upepo ukinipitishia harufu ile hata kwa bahati mbaya, nafunga dirisha. Watoto wangu wanadhani nina pumu.

Nilizaliwa pacha. Kwetu Unyamwezini mapacha hawatafutiwi majina, majina yao yanawasubiri: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Mimi ni Doto. Tulifanana kiasi kwamba mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alitutofautisha kwa sauti ya kukohoa, maana mimi nilikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Kifua hicho ndicho kilichogawa kazi. Msimu wa kuchuma ulipofika, baba aliniweka kivulini pamoja na mayu kufunga majani kwenye fito, na mwanzoni Kulwa naye alikaa nasi, kwa sababu kuchuma ilikuwa kazi ya vibarua. Vibarua hao walitoka mbali, wengine Ulyankulu, wengine Kigoma, na kila mwaka wiki ya kwanza tulikuwa na mchezo wetu wa kuwatazama. Walikuwa wakiingia shambani alfajiri, umande ukiwa bado umelala juu ya majani, wakiyachuma na kuyabana kwapani mpaka shati lote linalowa maji ya kahawia. Jua likipanda kidogo, utamwona mmoja anayumba, anashika kichwa, kisha anainama pembeni ya tuta kutapika. Shamba zima linacheka: "Imemlevya!" Tumbaku mbichi hulevya, kila mtu Usoke alijua hivyo. Ila tulijua pia, kwa uhakika ule ule, kwamba hulevya wageni tu. Mtoto wa mkulima haimgusi. Baba alipenda kusema kwamba babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kwenye njia ya misafara mpaka pwani na kurudi, sasa jani litamfanya nini mjukuu wa wapagazi? Yeye alivuta, mayu alinusa ugoro, na kweli hatukuwahi kuwaona wakiyumba.

Mwaka tulioingia kidato cha nne, baba alipanua shamba, na vibarua wakawa wachache. Kulwa akatolewa kivulini. Kila siku ya kazi aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akaenda kuchuma na baba, akarudi mbio kunawa mikono ile myeusi kwa ulimbo usiotoka hata kwa majivu, akavaa sketi ya shule, na tukakimbia pamoja kuiwahi kengele. Gauni la shambani alilivua likiwa linadondosha maji, akalitundika kwenye kamba, na kesho yake akalivaa tena.

Shuleni kulikuwa na Mwalimu Mahona. Nitamsema vizuri kwanza, maana anastahili, na nitamsema vibaya baadaye, maana hilo nalo anastahili. Alitufundisha kemia na ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa letu, kijana mwembamba mwenye suruali iliyojaa chaki. Alisoma kwa Kiingereza kama kitabu kilivyotaka, kisha akafunga kitabu na kutueleza kwa Kiswahili ili tuelewe. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye meza mbili na panya. Alipofika kwenye kaboni, alitutuma vichakani kuchuma ndulele, yale matunda ya njano yanayozaa ovyo kando ya njia na hata mbuzi hayataki. Ndulele ikawa kaboni, njugu mawe mbichi ikawa haidrojeni, na vijiti tulivyochana kutoka kwenye fito za tumbaku vikawa mikono ya kuziunganisha. Kila kaboni ina mikono minne, alisema, si mitatu, si mitano. Tukachoma vijiti vinne kwenye kila ndulele, tukachafuana utomvu, tukachekana.

Ubaoni alikuwa amechora kaboni kama msalaba, mkono juu, mkono chini, mmoja kushoto na mmoja kulia. Wote tukachoma hivyo hivyo, tukapata misalaba. Kulwa peke yake alikaa akiizungusha ndulele yake, akichomoa na kuchomeka upya, mpaka akapata kitu kinachosimama mezani kwa miguu mitatu, na mguu wa nne ukielekea juu. Mwalimu akamuuliza kwa nini ameharibu mchoro. Akajibu kwamba mikono haipendani, kila mmoja unataka kukaa mbali na wenzake, na ubao ndio unaoilaza ikawa bapa. Mwalimu Mahona akaichukua ndulele ile, akaipandisha juu darasa zima likaiona. Akaenda ubaoni akafuta misalaba yake yote.

Siku iliyofuata alituletea mchezo mwingine. Akaandika kaboni nne na haidrojeni kumi, akatuuliza tunaweza kuziunga kwa namna ngapi. Darasa likachangamka. Mmoja akachora mnyororo ulionyooka, mwingine mnyororo uliopinda mwishoni, mwingine uliopinda katikati, mwingine wenye tawi, ubao ukajaa. Kulwa akanyoosha kidole akasema ni namna mbili tu. Ule wenye tawi ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa pale kaboni moja imeshikwa na wenzake watatu. Lakini yote iliyopinda na ulionyooka ni kitu kimoja. "Huyu ni mtu yule yule, Mwalimu," alisema, "kakunja goti." Tulicheka mpaka matroni, mwalimu aliyesimamia wasichana, akaja kuchungulia. Mwalimu Mahona ndipo akatupa somo ambalo nalikumbuka neno kwa neno. Alisema fomula ni sawa na sensa. Sensa inakuhesabia watu waliomo nyumbani, haikuambii nani mke wa nani wala nani hazungumzi na nani. Kaboni mbili, haidrojeni sita na oksijeni moja, ukizipanga hivi unapata pombe inayouzwa kilabuni. Ukizipanga vile, watu wale wale, unapata gesi ambayo hakuna mlevi atakayeipigia foleni. Vitu vya namna hiyo huitwa isoma. Asiyeuliza vimeungwaje, akatosheka kuhesabu, ataua mtu, alisema, akatunyooshea chaki. Tangu siku hiyo darasa likatubatiza majina ya zile namna mbili, mimi Butani, mnyororo ulionyooka, na Kulwa Isobutani, ule wenye tawi, na hatukuyachukia.

Ugonjwa ulianza majani ya chini yalipoiva. Kulwa alianza kushika kichwa kipindi cha pili, akaomba ruhusa, akatapikia nyuma ya darasa. Kesho yake tena. Chakula cha mchana hakikumpita kooni, alikuwa mweupe midomoni, anatokwa jasho ilhali wengine tunaona baridi. Jioni anapata nafuu, anacheka, anakula ugali wake, na asubuhi tunaanza upya. Mayu akampeleka zahanati kupimwa malaria, haikuonekana. Nadhani hapo ndipo alipohukumiwa. Kwetu msichana wa kidato cha nne anayetapika asubuhi ana malaria, na kama hana malaria, basi hesabu imeshajijibu yenyewe. Matroni alimwita, akamlaza kwenye benchi, akamminya tumbo kwa vidole, akatoka akifuta mikono kwenye kanga. Kufika saa ya kutoka, darasa lilishajua, na jina la Isobutani likaacha kuwa utani. Mayu alilia jikoni akirudia kwamba lisemwalo lipo. Kulwa alisema hapana mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili kwa hasira, na baada ya hapo hakusema tena.

Mimi nilikuwa nimeona jambo moja, na sikuhitaji akili kubwa kuliona, kwa kuwa tulilala kitanda kimoja. Jumapili hatapiki. Jumapili tulikwenda misa, hakuna aliyechuma, na Kulwa alikuwa mzima kutwa, anaimba kwaya sauti ya kwanza bila kutetereka. Siku moja mvua ilinyesha mpaka kazi ikaahirishwa, na siku hiyo pia alikuwa mzima. Nilimwambia mayu. Akanitazama kwa huruma, akasema mimba nayo ina siku zake.

Baba aliitwa shuleni, nami nikaitwa pia, eti pacha hujua siri ya mwenzake. Ofisini alikuwepo mwalimu mkuu, matroni, na Mwalimu Mahona amekaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango. Kulwa alisimama katikati, macho chini. Swali lilikuwa moja tu: nani? Wakamuuliza yeye, nani? Wakanigeukia mimi, nani? Nikasema hakuna mtu, anatapika siku za kuchuma tu, Jumapili hatapiki, mwulizeni Mwalimu wa kemia.

Baba ndiye aliyejibu. Hakuwa mkali, alikuwa ameudhika, kama mtu aliyetukaniwa ukoo mbele za watu. "Mtoto wangu alewe tumbaku?" alisema. "Kwani huyu ni kibarua aliyeshuka na treni jana?" Mwalimu mkuu akatabasamu, matroni akacheka waziwazi. Nikamtazama Mwalimu Mahona. Alikuwa anasugua chaki kwenye vidole vyake, anaisugua kwa makini, kidole kimoja baada ya kingine, na hakuinua uso mpaka kikao kilipofungwa. Nilimkimbilia uwanjani nikamuuliza kama hakutuambia kwamba asiyeuliza vimeungwaje ataua mtu. Akasimama. "Doto," akasema kwa upole, "pale ofisini mimi ndiye mdogo wa wote. Na mambo ya watu siyo kemia." Kisha akaenda zake. Nimekutana na watu wengi wabaya tangu wakati huo, wakali, waongo, wezi, na wote nimeweza kuwasahau. Yule mpole sijamsahau.

Shangazi yetu, dada yake baba, alikuja kutoka Puge kumchukua, ili aibu ikamalizikie ugenini. Kulwa alifungasha nguo zake chache. Ndulele yake ya kwanza, ambayo ilikuwa imenyauka dirishani na vijiti vyake vinne, aliiacha. Kule Puge kwa shangazi hakukuwa na tumbaku, wanalima mpunga na karanga, na Kulwa hakuwahi kutapika tena. Wewe na mimi tungesema, kumbe! Shangazi alisema: imeshatoka. Walipompeleka kupimwa wakaambiwa hana kitu, na jibu hilo, ambalo lingemsafisha, ndilo lililomzika. Sasa hakuwa tena msichana aliyepata mimba, alikuwa msichana aliyeitoa. Baba alipokwenda kuomba arudishwe shule, akaambiwa jina lilishaondolewa kwenye watahiniwa, na kwamba kosa la pili ni baya kuliko la kwanza. Kulwa alipokuja nyumbani mara moja kwa Pasaka, alinyimwa komunyo mbele ya kwaya aliyokuwa akiiongoza. Mwaka haukuisha akaolewa huko huko Puge na mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemjua.

Mimi nilifanya mtihani. Dawati letu lilikuwa la watu wawili, nikalikalia katikati. Kwenye karatasi ya kemia palikuwa na swali la kaboni nne na haidrojeni kumi, tuchore isoma zake. Nilichora mbili, nikasikia sauti ya Kulwa sikioni, nikalazimika kuinua uso ili chozi lisidondokee wino. Nilifaulu vizuri. Watu walinipongeza, wakaongeza kwamba mwenzangu naye angefaulu kama angetulia.

Jina la ugonjwa wake nililipata chuoni, Tabora mjini, katika somo lililohusu jambo jingine kabisa. Mhadhiri alikuwa anaeleza vitu vinavyopenya ngozi, akaitaja nikotini, akasema hutoka kwenye jani bichi la tumbaku likiwa limelowa, ikaingia mwilini kupitia ngozi, na mchumaji hutapika, huona kizunguzungu, hukosa hamu ya kula, na akikaa mbali na shamba hupona. Akaongeza kwamba anayetumia tumbaku haimsumbui sana, kwa vile mwili wake umeshaizoea. Nikamwona baba na kiko chake. Nikamwona mayu na kopo lake la ugoro. Nikaliona gauni lile kwenye kamba, linadondosha maji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimeliimba neno hilo tangu shule ya msingi nikidhani ni mfano tu. Nilitoka darasani nikalia chooni mpaka somo likaisha.

Likizo nilimweleza baba. Alikuwa ameshazeeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta kiko, akasema, "Basi ilimlevya." Halafu akaniuliza kama huko Tabora mvua zimenyesha. Sikuwahi kumchukia, na hilo nalo linaniudhi.

Leo mimi ni mwalimu wa kemia. Mambo yamebadilika, watu huniambia, na ni kweli. Kwenye ukuta wa ofisi ya chama cha wakulima kuna bango la mtoto aliyepigwa mstari mwekundu, kwamba asichume tumbaku. Wakubwa wanahimizwa kuvaa glavu. Msichana akijifungua, siku hizi anaruhusiwa kurudi shule, na nilipolisikia tangazo hilo nilifurahi kwa ajili ya wengine. Lakini ruhusa hiyo ni ya waliokuwa na mimba. Kulwa hakuwa nayo, kwa hiyo sijui yeye atarudishwa kwa ruhusa ipi. Darasani kwangu, mwanafunzi akitapika sichelei kumwita pembeni, na swali langu la kwanza ni asubuhi alikuwa wapi na alishika nini. Walimu wenzangu wananiona wa ajabu. Vijana hawachumi ndulele tena. Tuna masanduku ya mipira ya plastiki, nyeusi kwa kaboni na nyeupe kwa haidrojeni, inaingiliana kwa mlio mdogo wa kupendeza.

Sanduku moja nililinunua nikalipeleka Puge, kwa ajili ya binti wa Kulwa aliyeingia kidato cha tatu. Nilimkuta dada yangu uani akipepeta karanga. Hatufanani tena. Jua la Puge limemzeesha yeye, na kivuli kimenihifadhi mimi kama kilivyonihifadhi siku zote. Aliuchukua mpira mweusi, akauzungusha vidoleni. "Mashimo yameshatobolewa," alisema. Nikasema ndiyo. "Basi wanafunzi hawana pa kukosea," akasema, akaurudisha ndani ya sanduku.

Ndipo nikamwambia lile nililokuja nalo, kuhusu umande na ngozi na gauni. Nililieleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Hakuacha kupepeta. "Doto," alisema, "gauni lilikuwa linalowa mwilini mwangu, siyo mwako. Unadhani mimi sikujua?" Nikamuuliza mbona basi hakusema. Akapuliza maganda. "Walikuwa wanataka jina la mwanaume," alisema. "Tumbaku ina jina la mwanaume?"

Kwenye mkeka, binti yake alikuwa ameunga kaboni zake nne mara mbili, mnyororo mmoja umenyooka na mwingine umepinda, akaniuliza kama hizo ni isoma mbili. Kabla sijafungua mdomo Kulwa alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Hapana. Ni mtu yule yule, kakunja goti." Binti akaupindua mnyororo, akaunyoosha, akaulaza juu ya mwenzake, akaona ni kweli. Akamgeukia mama yake kwa mshangao, akamuuliza amejuaje.

"Mama yako mdogo ndiye mwalimu," Kulwa akamjibu, akinionyesha kwa kidevu. "Alinifundisha yeye."